Behewa la Tatu

Itigi,
9 Machi 2025

Mdogo wangu Peniel,

Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu Hana, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mimi mzima, ila jino la nyuma linanisumbua na maisha yananibana mbavu, mambo ya kawaida.

Najua umeshangaa kuletewa barua dunia ya leo. Nimekupigia simu, hupokei. Nimekutumia ujumbe, unanijibu kwa dole gumba. Nikakuuliza kama ile homa imekuachia, dole gumba. Nikakwambia kaburi la mama limetitia upande wa kichwani, dole gumba. Basi nimekaa chini na kalamu, maana karatasi haijibiwi kwa dole gumba. Aliyekuletea ni Zefania, kondakta wa basi la Singida, uliyesoma naye hapa hapa Itigi. Usijifanye humwoni.

Jambo lenyewe ni hili. Wamepita na kipaza sauti wakitangaza kwamba stesheni mpya kule vichakani ikifunguliwa, treni ya abiria ya zamani haitasimama tena hapa mjini. Watu wa ofisi yenu ya mradi wa reli mpya watakuja kuandikisha kila anayekula kwa stesheni ya zamani, ili apewe kibanda ndani ya stesheni mpya. Ndani, Peniel. Waliokwenda kujenga kule wameniambia treni mpya madirisha yake hayafunguki, na stesheni imezungushiwa uzio, mwenye sinia kichwani hapiti getini. Asiye na kibanda ndani, amekwisha. Sina shamba, sina mume, nina kuku na abiria. Kibanda hicho ndicho ugali wangu uliobaki.

Wanawake wamefurahi kupita kiasi kwa sababu wewe uko kwenye ofisi hiyo. Asnath wa behewa la kwanza amesema Mungu hamtupi mja wake. Mboni wa la tano amesema mtoto aliyekula makombo ya mabehewa yetu ndiye atakayetusemea. Nami nimetembea siku mbili kifua mbele.

Ila tunabishana namna ya kujieleza. Unajua mambo yetu. Treni ya kutoka Dar ikiingia, kichwa kiko magharibi, mimi nakaa usawa wa mwarobaini. Ya kutoka Kigoma ikiingia, kichwa kiko mashariki, sote tunabeba vigoda na masinia tunahamia upande wa pili. Mahali petu hapako ardhini, pako kwenye treni, kila mmoja chini ya madirisha ya behewa lake. Behewa la tatu lilikuwa la bibi, likawa la mama, na siku tulipoanua matanga wanawake wakanikalisha mimi kwenye kigoda chake. Anayevuka kwenda kuuza kwenye behewa la mwenzake hatumtukani. Tunamgeuzia vigoda, tunampa migongo mpaka treni iondoke. Utakumbuka mama alivyogeuziwa ile mara moja, ulivyolia umemng'ang'ania miguu, mpaka alipoleta kuku, tukala wote, yakaisha. Sasa hayo yote utamwelezaje mgeni mwenye karatasi na haraka zake? Tuambie tuseme nini.

Ni mimi dada yako,
Ritha Mughwai
Behewa la Tatu


Utemini, Singida,
17 Machi 2025

Dada Ritha,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Niwie radhi kwa habari ya simu, kazi zimenielemea, nikitoka mkutano huu naingia ule. Kaburi la mama nitalishughulikia nikipata nafasi.

Kuhusu zoezi la uandikishaji, msihangaike. Semeni ukweli kama ulivyo. Mkiulizwa mnafanyia biashara wapi, jibuni kama mnavyojua wenyewe, msikariri maneno. Bwana Urbano, atakayeongoza zoezi, hapendi watu waliofundishwa majibu. Mimi nitakuwepo. Penye kuhitaji ufafanuzi nitafafanua, ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Jambo moja naomba mnisaidie. Taratibu za ofisi zinakataza mtumishi kushughulikia madai ya ndugu zake. Ikijulikana kwamba wewe ni dada yangu, jina lako linaweza kukatwa, na mimi nikaingia matatani. Kwa hiyo siku hiyo mimi na wewe hatujuani. Waombe na akina mama wote, hasa Mboni. Na jamani, asiwepo wa kuniita Sinia, lile jina la utotoni.

Nikuombe na hili pia. Ukija Singida wakati wa Pasaka, baba mkwe akikuuliza habari za mama, usizame sana. Niliwaambia alikuwa mtu wa reli. Si uongo. Alikuwa relini maisha yake yote.

Hana anakusalimu.

Mdogo wako,
Peniel


Itigi,
13 Aprili 2025

Mdogo wangu, au nikuite Mheshimiwa?

Tangu mwondoke nacheka peke yangu. Tumekutii. Hakuna aliyekuita Sinia, ingawa Mboni mdomo ulimwasha mpaka akajifunga kwa khanga. Ulivyokuja na ile kofia ngumu nyeupe, ukasimama nyuma ya Bwana Urbano umekumbatia mafaili, nilitamani kuja kukupangusa vumbi begani. Nikajizuia. Ukaagiza kuku. Ukaniuliza bei, Peniel! Mimi! Nikakutajia bei ya mtalii, ukalipa bila kupepesa macho. Hela hiyo nimenunulia sabuni, ahsante sana, karibu tena mteja.

Lakini kuna kitu kilinichoma kidogo, nikwambie tu. Ulikula paja ukaacha shingo. Tangu utoto shingo ndiyo uliyokuwa ukiigombania na paka. Nikajisemea labda ofisa mbele za watu hali shingo.

Bwana Urbano ni mtu mpole, hata makelele ya Mboni aliyavumilia. Alimwuliza kila mmoja, "Mama, biashara yako unaifanyia wapi?" Asnath akajibu, "Behewa la kwanza." Damari akajibu, "La pili." Mimi nikajibu, "Behewa la tatu, la mama yangu, na la bibi yangu kabla yake." Nilisema kwa sauti ili nawe usikie. Alikuwa akiandika tulichosema, na ilipofika kwangu nilimwona amesita, akakugeukia akakuuliza jambo. Ukamjibu kwa sauti ya chini. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kuandika. Moyo wangu ukatulia, nikajua umemfafanulia.

Tumeshakubaliana vibanda vifuatane kama mabehewa, wa kwanza aanze mlangoni, tusije tukagombana uzeeni. Damari anataka kununua koti jeupe la kupikia. Tumemwambia atulie kwanza.

Pasaka sitakuja. Jino.

Dada yako, muuzaji wako,
Ritha
Behewa la Tatu


Itigi,
2 Juni 2025

Peniel,

Majina yamebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kata. Wapo vijana wa bodaboda. Yupo fundi viatu. Yupo muuza asali wa getini aliyehamia juzi juzi, hata vumbi la Itigi halijamkaa viatuni. Sisi hatumo, hata mmoja.

Mtendaji alitusomea sababu. Tumeandikwa wote kwa pamoja, mstari mmoja, kwamba ni wachuuzi wanaopanda na kushuka na treni, hatuna mahali pa biashara kwenye stesheni.

Mimi sijawahi kupanda treni ile, Peniel. Mama alikufa hajawahi kuipanda. Maisha yetu yote tumeitazama ikija na tumeitazama ikienda.

Ni kosa tu, najua. Mwambie Bwana Urbano alirekebishe, wewe si uko naye hapo hapo. Kama ni undugu ndio unaokutia hofu, mimi niache, waandike wengine. Asnath tangu jana hajatia kitu mdomoni. Zefania anasubiri jibu, usimrudishe mikono mitupu.

Ritha


Utemini, Singida,
11 Juni 2025

Dada Ritha,

Shikamoo. Zefania alinikuta niko safarini, ndiyo maana nimechelewa.

Nimesikitika sana, lakini ndugu ni kuambiana ukweli. Mliulizwa mnafanyia biashara wapi, mkajibu behewa. Mtu akisema anafanyia biashara kwenye behewa, ofisa aandike nini? Mngesema "stesheni, chini ya mwarobaini", leo mngekuwa na vibanda. Kauli ni zenu, na mkaziwekea dole gumba wenyewe. Kwa upande wangu nilifanya kila nililoweza. Muda wa malalamiko nao umekwisha kupita. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nakushauri muunde kikundi. Kuna kufuga kuku wa mayai, kuna ufugaji wa nyuki wa kisasa, Itigi ni ya asali. Watu wengi wamepoteza kazi za zamani na wakainuka. Reli hii ni ya taifa zima, dada. Haiwezi kungoja kila mtu avae viatu.

Lipo jambo jema pia. Mwezi wa nane wakubwa wanakuja kuikagua stesheni mpya, na mimi nimependekeza akina mama wa Itigi ndio wawaimbie nyimbo za kuwakaribisha. Kila mmoja atapata khanga na chakula cha mchana. Wakubwa wakiwaona, huwezi kujua, mlango unaweza kufunguka siku nyingine. Nimewatetea sana katika hili, naomba msiniangushe. Baba mkwe naye atakuwepo, ndiye aliyepata zabuni ya chakula na viti.

Nijibu mapema niingize kwenye ratiba.

Mdogo wako,
Peniel


Itigi,
20 Julai 2025

Peniel,

Tutakuja kuimba. Weka kwenye ratiba yako.

Khanga usihangaike, tunazo. Tutakuja na vigoda vyetu, maana Asnath na Damari magoti hayawaruhusu kusimama muda mrefu, na viti vya baba mkwe najua ni vya wageni.

Bwana Urbano alipita hapa wiki iliyopita akiwa njiani kwenda Tabora. Alikula kwangu. Ni mtu mwenye heshima.

Ritha


Utemini, Singida,
18 Agosti 2025

Dada,

Sijui nianze na shikamoo au nianze na machozi. Shikamoo.

Kwa nini mmenifanyia vile? Kwa nini wewe, dada yangu, umenifanyia vile?

Mlianza vizuri. Ule wimbo wa kwanza mpaka mkuu wa msafara alikuwa akitingisha mguu. Nikawa nimesimama pale mbele ya milango ya vioo, nikijisemea, hao ndio watu wangu. Kisha mshereheshaji akanitambulisha mimi kwa jina, akasema huyu ndiye afisa aliyeshughulika na wananchi, apigiwe makofi. Hapo mkanyamaza. Mkainuka wote kwa pamoja, wewe ukiwa katikati, mkageuza vigoda vyenu, mkakaa, mkanipa migongo. Hata khanga hazikutikisika.

Mara ya mwisho kuona jambo lile nilikuwa mtoto na aliyegeuziwa alikuwa mama.

Na unajua kilichofuata? Wakubwa wakapiga makofi! Wakapiga picha! Mkuu wa msafara akaniuliza ngoma ile inaitwaje. Nikashika kipaza sauti, nikasema ni ngoma ya asili ya kukaribisha wageni. Wakapiga makofi tena. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Baba mkwe akanishika mkono, akasema nimewaandaa vizuri sana wanakijiji wale.

Mtu mmoja tu kwenye umati ule alielewa, na mtu huyo ni mimi. Mlijua itakuwa hivyo. Mlikaa mkapanga. Ukatili gani huo, dada? Mimi nilivuka behewa la nani? Kosa langu ni nini, la kunyimwa uso na watu walionilea? Tangu siku ile silali vizuri. Hana ananiuliza nina nini, namwambia ni kazi.

Kama ni kuku, niambie. Nitakuja na kuku, nitakuja na mbuzi, nitapiga magoti pale kwenye mwarobaini. Usininyamazie tu.

Peniel


Itigi,
31 Agosti 2025

Peniel,

Umeniuliza kosa lako. Nitakwambia, maana naona ulilitenda kwa wepesi mpaka umelisahau.

Siku ile Bwana Urbano alipokula kwangu, alishiba, akanawa, akanishukuru. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Mama, lile behewa la tatu mlilokuwa mkilisema maana yake ni nini hasa? Siku ile nilimwuliza kijana wetu Peniel. Akasema hajui, yeye ni mtu wa Singida mjini, huku hajawahi kukaa. Akasema labda ni wale wachuuzi wanaorukia treni."

Nikafuta meza. Ilikuwa safi, nikaifuta tena. Ningeweza kumwambia kijana huyo nimembeba mgongoni mama akiwa anauza. Ningeweza kumwambia alijifunza kuhesabu kwa mabehewa yale yale, na ada yake ya shule ilipitishwa madirishani paja kwa paja. Sikumwambia. Niliona aibu. Kosa lako, aibu ikanikaa mimi usoni.

Nikamweleza taratibu jinsi tunavyokaa, kichwa kikiwa magharibi na kichwa kikiwa mashariki, nikamwonyesha na kigoda. Akasema, "Mama, ningelijua hili siku ile, ningewaandika wote." Sasa hana uwezo tena, alishahamishwa kazi, na nilimwona yeye mwenyewe linamuuma. Wote, Peniel. Jibu lako moja tu. Hukuombwa upigane na mtu, hukuombwa utoe rushwa. Uliulizwa kitu unachokijua kuliko jina lako.

Nami nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka hapo, nimekunyamazia kama ulivyoniagiza, nikiona raha. Nilidhani tunauficha undugu ili utusaidie. Kumbe tulikuwa tunakusaidia wewe kututupa. Kisha ukaniandikia kwamba kosa ni letu, tulijibu vibaya! Ile barua niliwasomea wenzangu kwa sauti. Asnath aliniomba radhi, Peniel. Alidhani yeye ndiye aliyetuponza, kwa kuwa ndiye aliyeanza kujibu.

Nimekaa nikitafuta ulimwogopa nani. Bwana Urbano? Yule angekucheka kwa upole akaandika. Nadhani ulimwogopa baba mkwe. Ulishamwambia mama alikuwa mtu wa reli, na mtu wa reli hawezi kuwa na binti anayeuza shingo za kuku. Basi ukaona bora tukose sote kuliko wewe ujulikane.

Pale kwenye sherehe hatukukutukana. Hatukumwendea baba mkwe wako na maneno, ingawa Mboni alikuwa nayo ya kutosha. Tulikufanyia kile tunachomfanyia mwenzetu, kwa sababu mpaka saa ile bado tulikuhesabu mwenzetu. Nikiwa nimekupa mgongo nilikuwa nakusikiliza, nikijisemea sasa atasema. Atasema, hawa ni mama zangu, na wana haki. Ungesema hivyo ningegeuka kabla ya wote, ningekuja nikushike mkono mbele ya vioo vyao. Nikakusikia kwenye kipaza sauti ukisema ni ngoma ya kukaribisha wageni. Petro alikana, jogoo akawika akamzindua. Wewe jogoo wa kukuzindua hayupo, wote tuliwauza ili usome.

Kwa hiyo kuku usilete. Kuku ni desturi ya watu wa mabehewa, na watu hao ulishasema huwajui.

Habari za huku ni hizo hizo. Asnath amekwenda Ihanja kulima kwa binti yake, na mgongo ule sijui atalima nini. Mboni anauza nyanya nje ya uzio wa stesheni mpya, walinzi wanamfukuza, akirudi nyumbani anawaigiza tunacheka. Kuta ni nzuri, siwezi kusema uongo, na maua wamepanda. Treni ya zamani ikipita siku hizi mara nyingi haisimami, madereva wanapiga honi tu na kutupungia mkono. Nimekubali kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya barabarani, nitaanza wiki ijayo. Kaburi la mama nimelijazia udongo mwenyewe, ondoa hilo kwenye mambo yako.

Kigoda cha mama nimempa Zefania akuletee, kipo ndani ya gunia. Mimi sina tena treni ya kukikalia. Ukikigeuza utaona upande mmoja mti umelika, hapo ndipo ulipokuwa ukikaa wewe kwa kubanana naye, ukila shingo, mkiingojea ya Kigoma. Kiweke sebuleni au kiweke stoo, ni chako. Na baba mkwe akikiona akauliza ni cha nani, usihangaike kutunga. Mwambie hujui. Hilo unaliweza.

Ritha Mughwai